Fundi wa Injini Moja

Siku moja mwenye duka la jumla pale Litein alileta gari lake jipya kwenye gereji ya Fundi, lile kubwa la milango minne na viti vya ngozi. Taa nyekundu ilikuwa inawaka kwenye dashibodi. Fundi alikuwa ameketi juu ya mtungi uliopinduliwa, anasugua plagi kwa msasa. Hakuinuka. Alilitazama gari kuanzia magurudumu hadi kioo, kisha akarudi kwenye plagi yake.

"Hiyo haiongei na mimi," akasema. "Hiyo inaongea na kompyuta. Peleka Kericho."

"Fundi, fungua tu boneti uangalie."

"Nikifungua nitaona plastiki. Sasa nikuambie nini juu ya plastiki?"

Mwenye duka aliondoka amenuna, na sisi tuliokuwa tunangoja magari yetu tukachekea mikononi. Fundi hakuwa anatania. Alikuwa fundi wa injini moja tu, ile ndogo ya petroli ya pikapu za zamani zinazobeba maziwa, kabichi na magunia ya majani chai huku kwetu. Nyingine zote, kwa maneno yake, zilitengenezwa na watu wanaotaka urudi kwao kila mwezi.

Mimi nilikuwa na pikapu ya aina hiyo. Baba yangu alitoka upande wa ziwa akaja kuchuma majani kwenye shamba kubwa, nasi tukazaliwa kwenye nyumba za wafanyakazi na hatukurudi tena kule. Nilipoacha kazi ya kiwandani nilinunua pikapu iliyotumika, nikaanza kukusanya maziwa ya wakulima wa Silibwet na kuyaleta kwenye mtambo wa kupoza hapa Litein. Maziwa hayana subira. Gari likisimama asubuhi moja, yanaganda, na wakulima wakiyapoteza mara mbili wanampa mtu mwingine kazi. Kwa hiyo nilihitaji injini isiyosimama, na kila niliyemuuliza alinielekeza nyuma ya kinu cha posho, kwa Fundi. Karibu kila mmoja wao aliongeza, kwa sauti ya chini, kwamba nikiwa pale nifungue macho.

Mara ya kwanza alinifungulia boneti yangu mwenyewe kana kwamba sijawahi kuiona.

"Angalia hapo kando, weri," akaniambia. Weri ndivyo wazee wa Kipsigis wanavyomwita kijana, na mimi wakati huo nilikuwa na watoto watatu. "Unaona nini?"

"Naona chini."

"Unaona udongo. Gari nzuri ni ile ukifungua boneti unaona udongo. Mkono unaingia, spana inaingia, na kama umeangusha nati unaiokota."

Akanionyesha spana tatu, namba kumi, kumi na mbili na kumi na nne. Kwa hizo tatu, alisema, angeweza kuivua injini ile nguo zote na kuivalisha tena kabla ya chakula cha mchana. Kabureta ile pale. Distributa ile pale. Pampu ya maji iko mbele, boliti chache tu, hata mama wa sokoni angeitoa akionyeshwa mara moja. Ikiharibikia Kabianga utapata spea Kabianga. Ya mwenye duka ikiharibikia Kabianga utapata namba ya simu ya kupigia.

"Injini ndogo haifi," alipenda kusema. "Inauawa."

Na aliwajua wauaji wote. Wa kwanza alikuwa mwenye kituo cha mafuta. Fundi alitia tone la petroli kwenye karatasi nyeupe, akaipunga, akalitazama doa linavyokauka, na kama lilibaki na mzingo wa mafuta ya taa alikutuma kituo kingine. Wa pili alikuwa muuza oili. Oili aliisugua katikati ya vidole viwili akiwa amefumba macho, na chupa ikiisha aliitoboa kwa msumari ili mtu asiiokote jalalani akaijaza uchafu na kuiuza tena. Wa tatu alikuwa maji ya mto. Alitaka rejeta ijazwe maji ya mvua, na alikuwa na mapipa mawili yenye kufuli chini ya paa. Sijawahi kuona mtu mwingine anayefungia maji ya mvua kwa kufuli katika nchi inayonyeshewa kama hii yetu.

Wa nne tulikuwa sisi wenye magari. Kila boliti aliyofunga aliitia nukta ya rangi ya manjano, nusu juu ya boliti na nusu juu ya chuma, ili mwingine akiifungua ajue. Niliwahi kukaza fenibelti mwenyewe kule Silibwet. Niliporudi kwake aliiona nukta imekatika, akaniuliza ni makanika gani alinishikia gari, na nilipomwambia ni mimi hakuniamini. Alinihoji kama askari. Nilitumia mkono gani? Niligeuza spana upande upi? Mwishowe alinipa spana nimwonyeshe.

Kanisani aliketi benchi la nyuma kabisa, karibu na mlango, na rota ya distributa ya pikapu yake ikiwa kwenye mfuko wa koti. Bila kile kidude hakuna anayeweza kuwasha gari. Pasta alipomtania kwamba haamini hata nyumba ya Mungu, alijibu kwamba nyumba anaiamini, na kwamba shida yake ni kwaya.

Sasa mtu anayeshuku watu hivi, watu nao watamshuku. Fundi hakupenda mwenye gari asimame karibu akifanya kazi ya ndani. Alikutuma ukanywe chai, kisha akavuta lile lango lake la mabati. Ulisikia vyuma na usione kitu. Isitoshe, pikapu yake mwenyewe, iliyokuwa ikitembea vizuri kuliko zote, iliacha kutoka. Ilipandishwa juu ya mawe kwenye kona, ikafunikwa turubai, na kila ukipita ilionekana imepungua chini ya turubai ile. Watu walisema ile ilikuwa stoo. Walisema anatoa kitu kizuri kwenye gari lako, anarudishia kibovu, na kile kizuri kinalala chini ya turubai hadi apate mnunuzi.

Aliyenieleza haya kwa urefu alikuwa makanika wa ng'ambo ya barabara, kijana mcheshi aliyefungua gereji yenye bango kubwa. "Baba Achieng," aliniambia, "huyo mzee anakula gari yako polepole. Siku moja utafungua boneti ukute jina tu."

Nilicheka, lakini sikulala vizuri na maneno yale. Jumamosi moja nilichukua rangi ya kucha ya mke wangu, nyekundu, nikaingia chini ya boneti. Nikatia tone dogo nyuma ya pampu ya maji niliyokuwa nimeinunua mimi mwenyewe Kericho, mpya kwenye boksi lake. Nikatia jingine chini ya kabureta, na jingine kwenye alteneta, mahali ambapo mtu asingeona asipojua. Mama Achieng alisimama mlangoni akinitazama.

"Kwa nini usimuulize tu?" akasema.

"Nimuulize kama ni mwizi?"

"Afadhali kuliko kumpaka rangi."

Miezi miwili baadaye Fundi alinihudumia gari akiwa amefunga lango. Nilifika nyumbani, nikainama na tochi ya simu. Kabureta ilikuwa na tone lake. Alteneta ilikuwa na tone lake. Pampu ya maji haikuwa na kitu, na wala haikuwa ile yangu. Ilikuwa ya zamani, chuma kizito kilichosafishwa kwa burashi, na kwenye kila boliti ilikuwa na nukta ya manjano.

Nakumbuka nilivyojisikia, na si jambo la kujivunia. Nilifurahi. Nilifurahi kwamba sikuwa mjinga. Sikwenda kumuuliza. Niliacha tu kwenda kwake, nikavuka barabara, na kila nilipopita mbele ya lango lake nilitazama mbele. Kwa wengine nilisimulia habari ile, na waliosikia walisimulia wengine. Ndani ya mwaka huo wateja wake walipungua hadi watu watatu wanne. Tulipokutana posta aliniambia chamgei, salamu ya kwao, kama kawaida, nami nikamjibu bila kusimama.

Kumwacha hakukunipa gari zuri. Kwa makanika wa ng'ambo pikapu ilianza kuchemka. Alibadilisha mipira ya rejeta, ikachemka. Alitoa thamostati akaitupa, ikachemka. Mwishowe akasema injini yenyewe imezeeka, ila anayo nyingine kubwa zaidi ambayo angeweza kuniwekea. Asubuhi moja, nikipanda kutoka Silibwet kupitia Sotik na mitungi imejaa, mvuke ulitoka chini ya boneti hadi sikuona barabara. Nikasimama kando ya mashamba ya chai. Jua lilikuwa limeshaanza kuwaka. Nilimpigia makanika wangu, akasema yuko mbali. Nilimpigia mke wangu ili alie pamoja nami, lakini yeye hakulia. Alikata simu.

Baada ya kama nusu saa boda boda ilisimama nyuma yangu. Fundi alishuka akiwa na mfuko wa sukari wenye spana zake, na nyuma yake galoni mbili za maji zimefungwa kwa kamba ya mpira. Mama Achieng mwenyewe alikuwa amekwenda kumwita.

Hakuniambia pole. Alingoja injini ipoe, akafungua boneti, akaangalia mbele kwa muda mrefu.

"Hii pampu umenunua wapi?"

"Sijanunua. Ni ile uliyoweka wewe."

"Mimi niliweka yenye manjano. Hii iko na manjano?"

Haikuwa nayo. Ilikuwa nyepesi, inang'aa, na alipoishika fenibelti akaitikisa, mhimili wa pampu ulicheza kama jino la mtoto. Nilisimama pale kando ya barabara na sikujua nimtazame nani.

"Hiyo yangu," Fundi akasema, "huyo kijana ameona ni nzuri, akachukua. Si makosa yake yote. Ilikuwa nzuri kweli."

"Na ile yangu ya kwanza? Ile mpya?"

"Yenye rangi ya mama?" Aliuliza bila kugeuka. "Iko kwangu. Utakuja kuchukua."

Alikuwa na pampu nyingine kwenye mfuko. Aliifunga pale pale kwa spana zake tatu, mimi nikimshikia kopo la nati. Tulifika kwenye mtambo maziwa yakiwa bado yanapokelewa, isipokuwa mitungi miwili.

Jioni ile alinifungulia lango nikaingia ndani kwa mara ya kwanza. Ukutani kulikuwa na misumari, na kwenye kila msumari kulikuwa na spea iliyochakaa yenye kipande cha boksi kilichofungwa kwa waya, na kwenye kipande kile namba ya gari. Pampu, plagi, pointi, kabureta zilizopasuka. Kila kitu alichowahi kumtolea mtu. Pampu yangu ilikuwa pale, tone jekundu mgongoni. Aliigeuza akanionyesha ufa mwembamba kama unywele, kisha mapanga ya ndani, ambayo hayakuwa hata chuma.

"Waliokuuzia Kericho walikuuzia boksi," akasema.

"Kwa nini hukuniambia?"

"Ningekuambia spea yako mpya ni takataka, na mimi niko na ya zamani nzuri. Ungeamini?"

Aliirudisha pampu kwenye msumari wake.

"Ndiyo nimeweka ukutani," akasema. "Nilijua siku moja mtu atakuja na polisi. Nikangoja hiyo siku nimwonyeshe. Hakuna mtu amekuja. Watu wanaongea tu."

Kisha akavuta turubai. Pikapu yake ilibaki mifupa. Pampu ya kwanza niliyowekewa ilitoka pale. Ile ya kando ya barabara, alisema, ilikuwa ya akiba, ya mwisho. Rejeta ilikwenda kwa mwalimu wa Kabianga, distributa kwa mama anayeuza viazi, milango kwa sijui nani. Wauza spea walipoanza kuleta vitu vya bandia asivyoviamini, aliona kuna gari moja tu katika Litein nzima ambalo alijua kila boliti yake. Akaanza kuligawa.

Sitaki mtu anayesoma adhani nilipiga magoti. Niliomba msamaha, ndiyo, na nilizunguka kwa wale niliowasimulia nikawasimulia upya, kazi ambayo ni ngumu kuliko ya kwanza kwa sababu wengi hawataki sehemu ya pili. Makanika wa ng'ambo alikana, kisha akahamia mji mwingine. Hata hivyo sikufumba macho kabisa. Chini ya ukuta ule niliona betri mbili zisizo na kipande cha boksi, na nilipouliza ni za nani Fundi alianza kuzungumzia mvua. Tena kuna hili la petroli. Ukimwachia gari, asubuhi ulikuta mafuta yamepungua. Dada yangu alimkuta kwa macho yake kwenye kituo cha kununulia majani, anashusha chai ya shamba lake kutoka kwenye pikapu yangu. Nilipomuuliza alinitazama bila haya.

"Nilikuwa napima klachi," akasema. "Klachi haipimwi bila mzigo."

Ndivyo alivyokuwa. Nati yako moja asingeichukua hata ukimlazimisha, na petroli yako aliinywa kama maji ya mvua. Nilijaribu miaka mingi kuviunganisha vitu hivi viwili nipate mtu mmoja, sikuweza, nikaacha.

Alifunga gereji macho yalipofifia. Walimfanyia upasuaji wa jicho moja, la pili likakataa, na binti yake akamchukua kwenda kuishi naye juu ya Silibwet. Mimi bado napita huko kuchukua maziwa, na pikapu ni ile ile. Mwaka huu, baada ya mvua ndefu, nilisimama nimsalimie. Alikuwa ameketi kwenye ubaraza na blanketi magotini. Kabla sijamaliza chamgei aliinua kidole.

"Tapeti," akasema. "Zinalia. Wewe unaendesha cherehani?"

Alinitaka nizirekebishe pale pale. Nilifungua kifuniko cha juu, nikachukua zile bati nyembamba za kupimia nafasi kati ya tapeti na vali, naye akanielekeza kutoka kwenye kiti chake: geuza injini kwa spana, sasa simama, bati iingie kwa shida kidogo, kama kisu kwenye ugali uliopoa, kaza. Silinda moja baada ya nyingine. Nilipima mara tatu kila mahali, maana nilimjua. Kisha nikafunga, nikawasha, na injini ikatulia kiasi kwamba binti yake alitoka jikoni kuangalia kama imezimika. Nilizima. Binti aliniletea maji ya moto na sabuni, nikanawa hadi kwenye viwiko, tukanywa chai.

Nilipowasha ili niondoke, Fundi aliinua tena kidole.

"Namba mbili," akasema. "Umeiacha wazi."

Nilisikiliza. Hakukuwa na kitu. Nilisikiliza tena, kichwa changu karibu kabisa na boneti. Ilikuwa inazunguka laini kuliko nilivyowahi kuisikia. Nilimtazama mzee ameinamisha kichwa kuelekea kwenye sauti ambayo haikuwapo, uso umekunjamana kwa kuishika, na nikaelewa kwamba hata masikio sasa yanaanza kumwambia uongo.

"Kweli, mzee," nikasema. "Ngoja."

Nilizima, nikainua boneti. Nikagonga spana kwenye chuma mara mbili tatu, nikangoja kiasi kinachofaa, nikagonga tena, nikafunga. Nikawasha.

Alisikiliza kwa muda mrefu.

"Sasa imetulia," akasema.

Nilipanda ubarazani kumuaga. Alinishika mkono, wala hakuutikisa. Aliuvuta hadi puani, akaunusa kiganja, kisha ncha za vidole, taratibu, kama alivyokuwa akifanya na oili ya watu. Nyuma yangu injini ilikuwa inazunguka.

"Sabuni," akasema. "Oili hakuna."

Aliushikilia mkono wangu muda kidogo zaidi, akitazama kule kwenye mashamba ya chai kwa lile jicho lake moja.

"Litein usiwaambie," akasema.

Nikamwambia sitawaambia. Hakusema kama ameniamini.